Usiishie Msamvu

Watu wengi wanaosema wanaijua Morogoro wanachokijua ni stendi ya Msamvu. Basi limesimama, wamenunua machungwa na korosho dirishani, wamechimba dawa, safari ya Dodoma au Iringa imeendelea. Wengine wameletwa na semina. Wamekula chakula cha semina ukumbini siku mbili, kisha wamerudi Dar es Salaam wakisimulia kwamba mji ule umetulia mno, hauna pa kwenda. Mimi ni mkazi wa hapa na maneno hayo yananiuma, maana mji huu tunaouita kasoro bahari una chakula ambacho miji yenye bahari yake inakisubiri kwa lori.

Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na mengine yote nitakayosema yanatoka humo. Morogoro usiitafute kwa majina ya hoteli, ifuate kwa saa. Chakula kizuri cha hapa kinateremka mlimani alfajiri, kinafika sokoni jua halijawa kali, kinaingia chunguni saa nne, kinaliwa kuanzia saa sita, na ikifika saa tisa masufuria yameshaoshwa. Atakayeamka saa nne, akajivuta, akatoka saa nane kuulizia pa kula, ataambulia chipsi na kuku wa kisasa, vitu ambavyo angevipata hukohuko alikotoka.

Kufika siku hizi si kazi. Tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya SGR inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili, na nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 13,000. Basi bado lipo, na kwa anayetoka Chalinze au Kibaha ndilo linalomfaa, ila foleni ya kutoka Dar inaweza kukumalizia asubuhi nzima. Stesheni ya SGR iko Kihonda, si katikati ya mji, kwa hiyo utahitaji bajaji au bodaboda, na bei mpatane kabla hujapanda. Safari ya kuja asubuhi na kurudi jioni inawezekana kabisa, lakini itakunyima vitu viwili bora vya mji huu, soko la alfajiri na muziki wa usiku. Njoo Ijumaa jioni, uondoke Jumatatu. Tafuta chumba karibu na katikati ya mji au upande wa Boma na Kilakala, mahali ambapo ukifungua dirisha unauona mlima na ukitoka unaweza kutembea kwa miguu hadi sokoni.

Jumamosi amka mapema. Kabla ya saa moja utawakuta akina mama wa Kiluguru wakiteremka kutoka vitongoji vya mlimani, wamejitwisha matenga ya mboga, ndizi na matunda, wengine na mtoto mgongoni. Wametoka nyumbani gizani, wameshuka njia za miteremko mikali, na wanataka kuuza warudi mapema kwa sababu kupanda ndiko kugumu. Kwao bei ya asubuhi ni ya haki. Usibishane sana kwa shilingi mia mbili na mtu aliyebeba mzigo ule kichwani kwa saa mbili. Msalimie kwanza, kama ni mtu mzima mpe shikamoo yake, ndipo uulize bei. Ukianza na bei utajibiwa bei tu, lakini ukianza na salamu utaambiwa pia lipi limeiva leo na lipi la kungoja kesho.

Soko Kuu la Chifu Kingalu, alilolifungua Rais Samia Suluhu Hassan Agosti 2021, limepewa jina la ukoo wa watawala wa Waluguru wenye makao yao Kinole, waliosifika tangu zamani kwa kuomba mvua. Ni jengo kubwa la kisasa na linatosha kukuonyesha mkoa mzima kwa mzunguko mmoja. Kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo vinatoka Mgeta, hasa upande wa Nyandira, kwenye matuta yaliyokatwa ubavuni mwa mlima. Mananasi, mafenesi, mashelisheli na ndizi vinatoka Mkuyuni, Kinole na Matombo, upande wa mashariki unaopata mvua nyingi zaidi. Huko huko ndiko kwenye mdalasini, karafuu na pilipili manga, na mgeni anayedhani viungo ni vya Zanzibar peke yake atashangaa. Mchele unatoka bonde la Kilombero, na sukari nayo ni ya mkoani, Kilombero na Mtibwa.

Kwenye ndizi usiseme tu unataka ndizi. Sema unataka kufanya nini. Kama ni ya kula mkononi, ulizia kisukari, ndogo na tamu. Kama ni ya kukaanga au kuchoma, chukua mzuzu iliyoanza kuwa na madoa meusi, maana ile ya njano safi bado haijapata utamu wake. Mkono wa tembo mmoja unamtosha mtu na rafiki yake. Shelisheli ni zuri kuliko linavyopewa heshima, na likichomwa juu ya mkaa likaliwa na chumvi na pilipili linashinda kiazi. Wageni wengi wanalipita kwa sababu hawalijui. Na ukiona stroberi kwenye vifuko vidogo, hizo zimelimwa hapo juu ya mji. Nunua na ule siku hiyo hiyo, hazivumilii joto la bonde.

Kifungua kinywa kiwe hapo hapo karibu na soko. Una njia mbili. Ya kwanza ni supu na chapati, supu ya ng'ombe au makongoro, ndimu na pilipili pembeni. Hiyo utaipata mji wowote Tanzania, na hapa inapikwa vizuri. Ya pili ndiyo ninayoipendelea, nayo ni chai ya tangawizi au mdalasini kwa magimbi ya kuchemsha, mihogo au viazi vitamu. Magimbi ya mlimani ni laini na hayawashi koo. Kama unapenda vitafunwa vya mchele, ulizia vitumbua, na ukipata vya mchele wa Kilombero vilivyotoka jikoni muda huo huo, kaa ule hapo hapo, usifungiwe.

Baada ya hapo tafuta kijiwe cha kahawa. Vipo karibu na misikiti na pembeni mwa masoko, benchi mbili za mbao, birika la shaba juu ya mkaa, vikombe vidogo na kashata. Kahawa ni chungu, haina sukari, ndiyo maana ya kashata. Ukiketi, toa salamu kwa wote, si kwa muuzaji peke yake. Mazungumzo yatakuwa ya siasa, ya Simba na Yanga, au ya mvua. Kaa usikilize. Ukitaka kujua bendi gani inapiga wapi usiku wa leo, au barabara ya Kinole inapitika wiki hii, hakuna mahali pa kuuliza panapozidi pale.

Sasa chakula cha mchana, ambacho kwangu ndicho mlo mkuu wa mji huu. Kile kwa akina mama lishe. Nasema hivyo nikijua kwamba wasomaji wengi, hasa wanaosafiri na watoto, wanaogopa tumbo. Hofu hiyo ina sababu, na dawa yake ni kujua namna ya kuchagua. Fika saa sita na nusu, chakula kikiwa kimetoka motoni. Angalia wanaokula ni akina nani: wapagazi wa soko, madereva na mafundi hawali mahali palipowahi kuwaumiza, kwa sababu wakiugua siku moja wamepoteza mshahara wa siku hiyo. Angalia kama kuna maji ya kunawa yanayotiririka na sabuni. Angalia vyombo vinaoshewa wapi. Ukiridhika na hayo matatu, kaa.

Kisha, na hili ndilo wageni wanalolikosea zaidi, usianze kwa kuulizia nyama. Sema, "Mama, leo kuna mboga gani?" Mji huu una mlima wa mboga nyuma yake, na mama lishe ambaye amenunua alfajiri anajivunia alichokipata. Kisamvu kilichotwangwa na kupikwa kwa nazi na karanga, mchicha, matembele, nyanya chungu, mlenda. Mlenda una watu wake na una wanaoukimbia, lakini kwa ugali wa dona hauna mpinzani, na unaliwa hapa vizuri kwa kuwa tumepakana na Wagogo na Wakaguru wanaoujua. Samaki ni perege au kambale, na perege huvuliwa hata hapa jirani kwenye bwawa la Mindu, lile unaloliona kando ya barabara ya Iringa na ambalo mji unakunywa maji yake. Mwombe akuonyeshe samaki kabla hajakupakulia. Wali wa maharage wa mchele wa Kilombero una harufu yake, hauhitaji mapambo. Sahani iliyojaa ni noti chache za elfu moja, na mboga ukimaliza, mama wengi wanakuongeza bila kuombwa. Mlipe kabla hujaondoka kwenye benchi, na umwambie kama kimekufaa. Siku ya pili atakutunzia fungu.

Juisi ya kunywa ni ya miwa iliyokamuliwa na tangawizi na ndimu, au ya pasheni. Kwenye juisi niko mkali zaidi kuliko kwenye chakula: kama hujui maji yametoka wapi, chukua ya miwa, maana haitiwi maji, na uombe bila barafu.

Hoteli na migahawa ya kukaa kwa kitambaa mezani ipo, na sitaidharau. New Acropol, kwenye Barabara ya Zamani ya Dar es Salaam, ni nyumba ya mtindo wa zamani yenye baraza ya kukaa mtu akazungumza bila kelele. Oasis, Barabara ya Stesheni, ni mahali pa mapishi ya Kihindi. Mama Pierina's, barabara hiyo hiyo, pana jina la siku nyingi kwa wanaotaka chakula cha Kizungu. Morogoro Hotel, yenye uwanja wa gofu jirani na mlima mbele ya macho, inafaa kwa kikombe cha chai ya jioni kuliko kwa mlo. Ziweke hizi kwa siku ya mvua, kwa mgeni wa heshima, au kwa mzee asiyeweza benchi. Ukiwa na milo minne tu Morogoro, mmoja hapo unatosha.

Alasiri ya Jumamosi, jua likiwa kali, nenda mojawapo ya mahali pawili. Pa kwanza ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Wageni hupokelewa kwa kupanga kabla, na watoto hawasahau siku hiyo. Panya mmoja aliyefundishwa hapa, Magawa, alitunukiwa medali ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Pa pili ni Mazimbu, iliyo sehemu ya chuo hicho hicho leo, ambako chama cha ANC cha Afrika Kusini kiliendesha Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu kuanzia 1978 hadi 1992. Majengo yapo, na makaburi ya wapigania uhuru waliofia ugenini yapo, yametunzwa. Vaa kwa staha, usipige kelele, uliza kabla ya kupiga picha. Mtanzania anayelalamika kwamba nchi yetu haikumbuki historia yake apite hapo.

Wenye familia wataniambia watoto hawataki makaburi. Basi Rock Garden, chini kabisa ya mlima, kijito kinateremka juu ya mawe makubwa na miti imefunika. Kuna kiingilio kidogo, kuna vinywaji, na watoto wanaweza kuchezea maji ya baridi chini ya macho ya wazazi. Jumapili na sikukuu panajaa. Wakati wa masika uliza kwanza hali ya maji, maana kijito cha mlimani kinaweza kujaa ghafla hata kama mjini hakujanyesha.

Jioni ni ya nyama. Utaratibu ni ule ule wa nchi nzima, ila una mambo ya kuzingatia. Nenda jikoni mwenyewe. Chagua nyama ikiwa mbichi, ipimwe mbele yako, mkubaliane bei ya kilo na kama ndizi na kachumbari vimo ndani ya bei hiyo. Mbuzi wa kuchoma anahitaji muda, na kuku wa kienyeji anahitaji zaidi, hivyo agiza kwa simu saa moja kabla au ukubali kusubiri kwa furaha. Anayekuletea kuku wa kienyeji baada ya dakika ishirini amekuletea kitu kingine. Kitimoto kina mabanda yake, na mji huu una Waislamu wengi na Wakristo wengi wanaoishi kwa kuheshimiana, kwa hiyo usimwalike mwenyeji nyama kabla hujajua anakula nini. Mwezi wa Ramadhani mambo hugeuka: mchana migahawa mingi ya katikati ya mji hufungwa au hupika kidogo, lakini jioni barabara hujaa futari, tambi, uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi na magimbi. Ukibahatika kuja mwezi huo, usiusikitikie mchana. Jioni yake ni karamu.

Muziki sasa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naamini hakuna mji wa bara Tanzania wenye haki ya kujivunia muziki wa dansi kuliko huu. Morogoro Jazz ilianza mwaka 1944. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1940 Salum Abdallah, kijana wa mjini hapa aliyelelewa na santuri za Kuba, alianza bendi ambayo ndiyo iliyokuja kuwa Cuban Marimba. Kwa miaka mingi mji ulikuwa na kambi mbili, na mtu alijulikana ni wa kambi gani kama anavyojulikana leo ni wa Simba au wa Yanga. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari Novemba 1965, na Juma Kilaza akaishika Cuban Marimba. Upande wa pili Mbaraka Mwinshehe aliifikisha Morogoro Jazz hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo ya 1970, akaiacha mwaka 1973 kuunda Super Volcano, naye pia barabara ikamchukua, Januari 1979, huko Mombasa. Vijana wa kizazi cha baadaye wanamjua zaidi Afande Sele, naye wa hapa, aliyetwaa taji la Mfalme wa Rhymes mwaka 2004. Uzi ni ule ule: watu wa mji huu wanasikiliza maneno ya wimbo, si mdundo peke yake.

Kwa hiyo ukiuliza burudani ya usiku, utaonyeshwa baa zenye muziki mkubwa na singeli, na kama ndicho ukitakacho utafurahi. Ushauri wangu ni utafute bendi ya moja kwa moja. Bendi za Dar huja mara kwa mara mwisho wa wiki, na bendi na wapiga gitaa wa hapa hualikwa kwenye kumbi na bustani za baa. Ratiba haiandikwi mahali pamoja. Uliza kijiweni, uliza dereva wa bajaji mwenye umri wa makamo, soma mabango ya ukutani. Muziki huanza kupata moto saa nne usiku, si saa mbili. Ukisikia gitaa linaanza ule wimbo wa zamani na wazee wanainuka wawili wawili, usibaki kitini. Na mtunze mpiga gitaa, kwa noti mkononi, mbele ya watu. Huo ndio utamaduni wa dansi na ndio unaomfikisha nyumbani. Ningependa sana siku moja Manispaa ipange usiku mmoja wa kila mwezi wa nyimbo za Salum na Mbaraka mahali pa wazi, watoto wazisikie zikipigwa na watu badala ya kuzisikia kwenye simu.

Mpira nao ni burudani kamili. Mechi ikiwepo Uwanja wa Jamhuri, nenda. Waliokuwapo enzi za Reli ya Morogoro, Kiboko ya Vigogo, watakusimulia jinsi timu kubwa za Dar zilivyokuwa zikija hapa kwa tahadhari. Siku ya Simba na Yanga hata bila mechi mjini, keti kibanda umiza, lipa kiingilio chako, fika mapema upate kiti mbele, na usivae rangi ya timu kama hujajua upande wa wenyeji wako.

Jumapili ni ya mlima. Njia rahisi kwa mgeni ni Morningside, nyumba iliyojengwa enzi za utawala wa Wajerumani, juu ya mashamba ya mboga. Kwa miguu kutoka mjini ni saa mbili hadi tatu za kupanda, kulingana na pumzi, na njiani unapishana na wale akina mama uliowaona sokoni. Ukifika unaona mji wote, reli na bonde hadi mbali. Ukitaka kwenda juu zaidi, kilele cha Lupanga chenye mita 2,138 au Bondwa yenye minara ya mawasiliano, unaingia Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, kwa hiyo unahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) na muongozaji. Usipande peke yako, hata Morningside. Sababu ni mbili, ukungu unaoshuka ghafla ukazifuta njia, na vibaka wanaovizia mtu mmoja mwenye simu nzuri. Chilunga Cultural Tourism, walioko mjini, hupanga waongozaji na safari za vijijini, na fedha unayolipa sehemu yake hubaki kwa watu wa kule juu.

Chakula cha huko usikibebe mjini. Mwambie muongozaji tangu jana yake aagize kwa mwenyeji ndizi za kuchemsha, maharage, magimbi, chai. Utakula ukumbini mwa mtu, kwa hiyo vua viatu, nawa, pokea kwa mikono miwili au kwa mkono wa kulia, na umshukuru mama wa nyumba. Kwa Waluguru ukoo hufuata kwa mama na ardhi hufuata ukoo, hivyo unaposema asante kwa bibi unamshukuru mwenye shamba hasa.

Mwenye siku ya ziada aende Kinole, kupitia Bigwa na Mkuyuni. Barabara ina kona na milima, na wakati wa masika gari dogo litakusumbua. Kuna makao ya Kingalu, na kuna matunda kwa bei ambayo mtu wa Dar hawezi kuiamini. Watu wengine watakushauri uende Mikumi badala yake, kwa kuwa barabara kuu inakatiza hifadhini na wanyama unawaona hata ukiwa ndani ya basi. Mikumi ni nzuri, lakini ni safari nyingine na bajeti nyingine. Usiibane ndani ya siku hizi mbili.

Kuhusu msimu. Juni hadi Agosti ndio wakati bora: njia ni kavu, asubuhi ni za baridi, machungwa na machenza yamejaa, mavuno yamekwisha na vijijini kuna ngoma na sherehe za mwali. Tarehe 1 hadi 8 Agosti viwanja vya Nanenane vya Mwalimu Nyerere hukusanya wakulima wa Morogoro, Pwani, Dar es Salaam na Tanga, na mabanda ya chakula ya siku hizo ni darasa tosha. Tafuta maziwa ya mbuzi wa Mgeta, uzao wa mbuzi wa Norway walioletwa huko miaka ya 1980 kwa msaada wa Chuo cha Sokoine. Vyumba hupanda bei wiki hiyo, weka nafasi mapema. Novemba hadi Januari ni mananasi na maembe, joto ni kali na mbu wapo. Machi hadi Mei mlima unapendeza kuliko wakati wowote na unapandika kwa shida kuliko wakati wowote. Njoo kula na kusikiliza muziki, mlima uuache.

Usiku tumia bodaboda au bajaji unayoitiwa na mwenye nyumba ya wageni, siyo ya kuokota barabarani. Kupiga picha watu sokoni bila ruhusa ni utovu wa adabu, na mama aliyekukatalia mara moja usimbembeleze.

Siku ya kuondoka rudi sokoni mara moja zaidi, asubuhi, ununue vya kupeleka nyumbani moja kwa moja kwa wale wanaoshuka mlimani: mdalasini wa magome, pilipili manga, ndizi ambazo bado ni ngumu, karoti za Mgeta. Vijito ulivyovuka Jumapili ni miongoni mwa vinavyoulisha Mto Ruvu, ambao maji yake yananywewa Pwani na Dar es Salaam, pengine na wewe mwenyewe. Kwa hiyo chupa ya plastiki uliyopanda nayo Morningside, shuka nayo.